Skeiti za Hoki: Kabla Utoe Doh, Hakikisha Mguu Umekubali

Wasee, tuelewane mapema. Leo tunaongea skeiti, si sketi. Kama ulikuja hapa kutafuta nguo ya church, rudi nyuma polepole, hakuna mtu amekuona.

Sasa. Ukipita CBD Jumapili, magari yakiwa yameisha, unapata mbogi ya vijana wakiteleza kwa parking kama barabara ni ya mama yao. Wengi wamevaa zile za magurudumu manne yaliyopangwa laini moja. Ukiangalia poa, kuna wachache ndani ya hiyo mbogi viatu vyao viko tofauti: vinafungwa na kamba kutoka chini hadi juu, vinabana kifundo cha mguu kama buti, na nyuma hakuna breki. Hizo ndizo skeiti za hoki. Na kila mtu akiziona anataka zake.

Shida ni kwamba watu wengi wananunua vile wananunua raba za kutoka: rangi imeweza, jina liko kubwa kando, bei imeshuka, imeisha hiyo. Wiki moja baadaye msee anatembea kama amekanyaga misumari, kucha ya kidole kikubwa imekuwa nyeusi, na skeiti ziko kwa Facebook zimeandikwa "sijazitumia sana".

Ndio usifike hapo, shika kitu moja tu hata kama hutasoma hii story yote: kiatu kwanza, magurudumu baadaye. Magurudumu yanabadilishwa. Beringi zinabadilishwa. Kamba ni za bei ya chapo. Lakini kiatu chenye kimekataa mguu wako hakina dawa.

Hoki gani tena hii?

Ukisema hoki Kenya, watu wanafikiria City Park na wale watu wa kukimbia na magongo. Hii ni ingine. Hoki ya skeiti za laini moja inachezwa kwa sakafu laini, kila timu wachezaji wanne na golikipa mmoja, na wanafukuzana na kisahani cha plastiki badala ya mpira. Ni ndugu wa damu wa hoki ya barafu.

Na huo undugu si wa kubahatisha. Mwaka wa 1980 kule Minneapolis, Marekani, vijana wawili wa familia moja, Scott na Brennan Olson, walikuwa wanatafuta njia ya kufanya mazoezi ya hoki wakati wa joto, barafu ikiwa hakuna. Wakachukua wazo la zamani la kupanga magurudumu laini moja, wakalifunga chini ya buti la hoki. Hapo ndipo kampuni ya Rollerblade ilizaliwa. Kwa hivyo ukivaa skeiti za hoki leo, umevaa kiatu kilichoundwa kwa mtu wa kukimbia, kukata kona ghafla na kugeuka kurudi nyuma. Hakikuundwa kwa mtu wa kutembea mbio za taratibu akiwa na earphones.

Na hapa kwetu njia imerudi upande ule mwingine. Wengi wa wachezaji wa Kenya Ice Lions, timu ya hoki ya barafu inayofanya mazoezi kwa ile rink ya hoteli ya Panari, Mombasa Road, walianzia kwa lami, na magurudumu. Hao ndio mwaka wa 2018 walipelekwa Canada wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Na 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la hoki ya barafu duniani. Kwa hivyo hiyo hobby yako ya Jumapili inaweza kuwa na barabara mbele, bora miguu ifike ikiwa mizima.

Size: hapa ndio watu hupotea

Hii ndio makosa namba moja. Unavaa raba namba 42, unaitisha skeiti za hoki 42. Buda, umenunua mashua.

Skeiti za hoki kwa kawaida huvaliwa ndogo kuliko kiatu cha kawaida, kama size moja hadi moja na nusu ukihesabu kwa namba za Marekani. Mtu wa raba za US 9 mara nyingi anaishia 7.5 ama 8. Skeiti za kawaida za kujiburudisha, zile laini za mabako ya plastiki, huwa karibu na size ya kiatu chako. Ndio maana beshte yako anaweza kukuambia "chukua size yako tu" na akuwe sawa kwa skeiti zake, na akuharibie zako.

Usikisie. Pima. Chukua karatasi, iweke chini ikigusa ukuta. Simama juu yake, kisigino kikigusa ukuta, uzito wote kwa huo mguu. Weka alama mbele ya kidole kirefu zaidi. Pima kutoka ukutani kwa milimita. Fanya miguu yote miwili, kwa sababu karibu kila mtu ana mmoja umeshinda mwingine, halafu utumie ule mkubwa. Fanya hivyo jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo baada ya siku ya kutembea. Hiyo namba ya milimita ndio unalinganisha na chati ya kampuni. Kila kampuni ina yake, kwa hivyo chati ya Bauer usiitumie kununua ya kampuni ingine.

Urefu peke yake hautoshi. Kuna upana pia. Kwa skeiti nyingi utaona herufi D, hiyo ni upana wa kawaida, na EE, hiyo ni ya mguu mpana. Bauer siku hizi wanaandika Fit 1, Fit 2 na Fit 3, kutoka mguu mwembamba wenye kimo kidogo hadi ule mpana wa kujaza kiatu. Kama umekulia kwa kutembea pekupeku na patipati, kuna uwezekano mzuri mguu wako umefunguka mbele. Usiulazimishe kwa D juu ya swag. Na usiongeze urefu ndio upate upana, utapata nafasi mbele na kisigino kitaanza kucheza.

Vipimo vinne vya kufanya ukiwa bado na doh mfukoni

Vaa soksi nyembamba. Si zile nzito za baridi za Limuru. Soksi nzito inadanganya, na inajikunja ndani hadi inakuchuna.

*Kipimo cha kidole.* Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele hadi vidole viguse ukuta wa mbele wa kiatu. Sasa jaribu kuingiza kidole chako cha mkono nyuma ya kisigino. Kikiingia kimoja kwa kubana, uko sawa. Vikiingia viwili bila stress, hiyo ni ya kakako mkubwa.

*Kipimo cha vidole vya mguu.* Gongesha kisigino chini mara kadhaa ndio kikae nyuma kabisa, kisha funga kamba. Ukisimama wima, vidole vinafaa viguse mbele kidogo tu, vile unagusa chai kujua kama ni moto. Sasa kunja magoti kama unataka kukaa kwa stuli. Vidole vinafaa vitoke pale mbele. Kama bado vimejikunja ukiwa umeinama, kiatu ni kidogo. Kama havikugusa chochote hata ukiwa wima, ni kikubwa.

*Kipimo cha kalamu.* Hii wengi hawajui. Mguu ukiwa ndani, kamba zikiwa wazi, vuta ule ulimi wa kiatu mbele. Chukua kalamu uilaze juu ya matundu ya kamba, tundu la tatu kutoka juu, upande moja hadi mwingine. Ikilala flat pande zote mbili bila kugusa mguu, kiatu kina kimo cha kukutosha. Ikipanda juu ya mguu na kuyumba kama wheelbarrow, kiatu ni kifupi kwa kimo. Ukikifunga kitakubana mbele ya kifundo mpaka usikie kama kuna mtu amekukalia. Watu huvumilia hiyo maumivu wakidhani ni kawaida. Si kawaida.

*Kipimo cha kisigino.* Ukiwa umefunga, inua vidole na uegemee mbele. Kisigino kikipanda na kushuka ndani ya kiatu, hapo ndipo malengelenge yanatoka, na hapo ndipo nguvu yako inapotelea. Wewe unasukuma, kiatu kinabaki. Kwa mchezo wa kukata kona, hiyo nafasi ndogo ndio inafanya kifundo kijipinde.

Baada ya hapo kaa nazo ndani dakika kumi na tano. Usiaibike. Mwenye duka akikuangalia vibaya, mwambie unafikiria. Kubanwa kote kote sawasawa ni poa, kiatu kipya cha hoki hubana. Lakini maumivu ya mahali pamoja, kama kuna kokoto, hayo hayataisha kwa maombi. Mguu ukianza kufa ganzi, vua.

Kuna kitu cha kukusaidia hapo katikati: skeiti nyingi nzuri za hoki zinaweza kupashwa moto ndio zichukue umbo la mguu. Maduka ya nje yana oveni maalum ya hiyo kazi. Usijaribu na jiko la keja. Moto ukizidi, gamu inaachia na skeiti zako zinakuwa sahani. Kama huna mtu wa hiyo mashine, zivae nyumbani, dakika ishirini hivi kila jioni ukiangalia series, zitakufuata taratibu.

Ngumu ama laini?

Skeiti za bei ya juu huwa na kiatu kigumu kama mbao. Hiyo ni kwa sababu mchezaji mwenye nguvu akisukuma, kiatu laini kinajikunja na kumeza hiyo nguvu. Sasa wewe unaeanza, ama uko na kilo hamsini na tano, kiatu kama hicho hutaweza hata kukunja goti vizuri ndani yake. Utakuwa unateleza umesimama kama mlingoti.

Kiatu cha kati ndio kinatosha mtu wengi. Kishike pande za kifundo ufinye na mikono miwili. Kikigusana ndani kwa urahisi kama gunia, hakitakushika. Kikikataa kabisa kusonga, hicho ni cha watu wa ligi.

Magurudumu: usinunue ya sakafu ukateleza kwa murram

Sasa tufike chini. Magurudumu yana namba mbili. Ya kwanza ni kipenyo kwa milimita. Za hoki huwa kati ya 68 na 80. Madogo yanaanza haraka na kugeuka haraka. Makubwa yanashika kasi na kuvuka mashimo madogo bila kelele. Utapata zingine zimechanganywa, kwa mfano mbili za mbele ni 76 na mbili za nyuma ni 80. Usidhani umeibiwa, zimetengenezwa hivyo, kukuegemeza mbele kidogo na bado ubaki na kasi.

Namba ya pili ina herufi A mbele yake, kama 76A ama 84A. Huo ni ugumu. Namba ndogo ni laini, namba kubwa ni ngumu. Na hapa ndipo Wakenya tunachomeka. Skeiti nyingi nzuri za hoki zinakuja na magurudumu laini, kama 74A hadi 78A, kwa sababu kule zinachezewa ndani, kwa sakafu ya plastiki iliyopigwa deki. Yanashika sakafu kama gundi. Ukiyashusha kwa lami ya Nairobi, yanalika kama kifutio cha penseli.

Kwa lami, simiti ya basketball court na parking, tafuta kuanzia 82A kwenda juu. Kama wewe ni mzito, panda kidogo zaidi. Kwa cabro, ukweli usemwe, hakuna gurudumu la hoki litakufurahisha. Utatetemeka hadi meno, lakini hiyo ni shida ya cabro, si yako.

Mtindo wa akili: ukipata skeiti zimekukubali mguuni lakini ziko na magurudumu ya ndani, zichukue tu. Nunua seti ngumu pembeni, zile laini ziweke kwa droo hadi siku mtapata sakafu. Hakikisha tu kipenyo ni kilekile, kubwa kuliko fremu haitaingia.

Na uzungushe. Gurudumu hulika upande wa ndani kwanza, juu ya vile tunasukuma. Kila baada ya wiki kadhaa hamisha la mguu wa kushoto liende kulia, na uligeuze upande. Seti moja inaishi karibu mara mbili.

Fremu na hiyo story ya ABEC

Fremu ndio ile chuma inashikilia magurudumu. Za bei ya chini huwa za plastiki ngumu, za kati na juu huwa za alumini ama magnesiamu. Alumini ni nyepesi, haijikunji, na inatosha. Ukiweza kuifikia, ifikie.

Beringi nazo watu wanauziwa story. Utaona ABEC 5, ABEC 7, ABEC 9, na muuzaji anakuambia 9 ni rocket. Hiyo namba inapima tu vile beringi imetengenezwa kwa usahihi, haipimi kasi yako. ABEC 5 safi inashinda ABEC 9 yenye mchanga, kila siku. Zenye skeiti hutumia zinaitwa 608, kipimo ni kimoja karibu kwa zote, na skeiti zote mbili zinakula kumi na sita. Adui wao ni maji na vumbi. Mvua ikikushika, zifungue, zikaushe, weka tone la mafuta mepesi kama yale ya cherehani. Usipige grisi ya gari.

Ukizipata mitumba

Wengi wetu hatununui mpya, tusidanganyane. Skeiti nzuri zinashuka na mabelo, na ukiwa na jicho unaokota dhahabu. Lakini kagua hivi kabla hujaanza kuombana bei:

Finya magurudumu na ukucha. Plastiki ya zamani inakufa hata kama haijatumika. Ikimeguka kama keki, hesabu bei ya seti mpya juu.

Geuza uangalie ribiti zinazoshika fremu kwa kiatu. Zikicheza ama fremu iwe na ufa, rudisha. Hiyo inaachana ukiwa kwa kasi.

Weka skeiti juu ya meza. Magurudumu yote yasimame laini moja. Angalia kutoka nyuma kama unapiga bunduki. Kama fremu imepinda, utakuwa unavutwa upande moja siku zote.

Fungua ekseli moja na spana ya L. Kama kichwa kimeshalika hadi spana inazunguka bure, utahangaika na fundi.

Angalia kisigino ndani. Kama kitambaa kimetoboka hadi plastiki, kitakula mguu wako.

Na usichukue "kubwa kidogo atakua nazo" kwa mtoto. Tunajua maisha ni ngumu, na uniform tulinunuliwa hivyo wote. Lakini sweta kubwa haivunji kifundo. Skeiti kubwa inaeza. Afadhali za bei rahisi zenye zinamtosha sasa, uziuze akishazipita.

Kitu ya mwisho, na hii si mchezo

Skeiti za hoki hazina breki. Hazikusahauliwa, zimetolewa makusudi, kwa sababu mchezaji anageuka kurudi nyuma na breki ingemwangusha. Maana yake ni kwamba breki ni wewe. Kabla ya kutoka kwa barabara yenye magari, lazima uweze kusimama angalau kwa njia ya kuburuta mguu wa nyuma, umekaa kama herufi T nyuma ya ule wa mbele. Jifunze hapo kwa parking, mara mia, hadi mguu ufanye bila kukuuliza.

Wale unawaona wameshika mathree nyuma kwa Thika Road wanajua kusimama, na bado wanaanguka. Dere akikanyaga breki, yeye ana breki. Wewe una mdomo.

Kwa hivyo ukipanga bajeti, panga hivi: kwanza kiatu cha kukutosha, pili helmeti na pedi za magoti na viganja, tatu magurudumu ya lami yako, nne beringi, na mwisho kabisa rangi na jina. Ukibakisha doh ya kiatu kimoja cha bei kali bila helmeti, shuka kwa kiatu cha kati na ununue helmeti.

Jumapili hii, ukienda kuangalia mbogi ikiteleza, usiangalie magurudumu. Angalia vifundo vya miguu. Yule ambaye kifundo chake kimesimama wima hata akikata kona, huyo ndiye amenunua size yake. Muulize alipata wapi.